Kila Kitu kwa Kipimo Chake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba na kulinganisha, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Alasiri moja, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma na bintiye wa miaka 15. Wenzake walipokwisha kutoka, alitwambia kwa sauti ya chini, "Sheikh, huyu mwanangu hataki tena kutoka nyumbani. Arusi ya mamake mdogo imepita, hakwenda. Asema uso wake una kasoro." Binti mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, na buibui lake amelivuta hadi karibu na macho.

Tulipomwuliza kwa upole, alitweleza kuwa katika simu mna programu ambayo humpiga mtu picha, ikaupima uso wake urefu na upana, kisha ikautolea alama kwa kuulinganisha na nambari iitwayo uwiano wa dhahabu. Wenzake wa darasani walijipima wote. Yeye alama zake zilikuwa za chini. Tukaanza kumnasihi, naye akatukatiza kwa adabu, "Samahani, Sheikh. Lakini hii ni hesabu. Hesabu haidanganyi."

Neno lile lilitukaa. Tuliona ya kwamba lau tungemwambia tu kuwa uzuri ni wa moyo na tabia, ambayo ni kweli, angeitikia, akarudi nyumbani na kufungua simu yake ile ile. Yeye alileta hoja ya elimu, na hoja ya elimu hujibiwa kwa elimu. Basi tulimwomba muhula, tukarudi kwenye vitabu, na haya tunayoyaandika leo ndiyo tuliyomweleza. Tumeyaleta hapa kwa sababu tunadhani si nyumba ile moja tu yenye msiba huu.

Na tuanze na kitu ambacho hakikosi katika nyumba zetu, nacho ni leso. Itandaze sakafuni. Utaona umbo lenye pande nne na pembe zilizonyooka, urefu ukizidi upana. Umbo hilo huitwa mstatili. Mlango ni mstatili, dirisha ni mstatili, msala na ukurasa wa msahafu pia. Ila mistatili haifanani yote: mmoja ni mrefu mwembamba kama ubao wa rula, mwingine unakaribia kuwa mraba. Kinachoitofautisha si ukubwa, bali ni uwiano, yaani upana unaingia mara ngapi katika urefu.

Tuseme leso yako ina urefu wa mita moja na nusu na upana wa mita moja. Uwiano wake ni 3 kwa 2. Ikunje katikati ya urefu wake, umbo litabadilika: sasa ni 4 kwa 3, limekuwa pana zaidi. Ikunje tena, na uwiano wa 3 kwa 2 utarudi. Kila mama aliyewahi kupanga nguo kabatini amelifanya jambo hili kwa mikono yake, ingawa hakulipa jina la hesabu.

Sasa chukua karatasi ya kawaida ya kupigia chapa, ile iitwayo A4. Upana wake ni milimita 210 na urefu wake ni milimita 297. Ikunje katikati, umbo halibadiliki. Ikunje tena, ni lile lile. Karatasi hii haikupatikana kwa bahati. Mwaka 1786 mwanachuoni mmoja wa Ujerumani, Georg Christoph Lichtenberg, aliandika katika barua juu ya faida ya karatasi ambayo nusu yake inafanana na nzima yake. Mwaka 1922 nchi hiyo ikaifanya kanuni, kwa juhudi za Walter Porstmann, na leo karibu dunia nzima huitumia, ukiacha Marekani na majirani zake. Karatasi kubwa ya asili, A0, ina eneo la mita mraba moja, na A4 ni sehemu moja katika 16 ya eneo hilo. Ndiyo sababu kurasa mbili za kitabu cha madrasa huweza kupunguzwa na kupigwa chapa katika karatasi moja bila ya kubaki ukingo mtupu wala kukatwa maneno.

Namna ya kuupata mstatili huu ni nyepesi, hata fundi asiyejua kusoma huweza kuufanya kwa kamba. Chora mraba sakafuni. Shika ncha moja ya kamba katika pembe ya chini kushoto, ivute hadi pembe ya juu kulia, kisha ishushe kamba hiyo, bila ya kuilegeza, mpaka ilale sawa na ubavu wa chini. Pale inapofika ndipo mwisho wa mstatili wako. Uwiano wake ni kiasi cha 1.414 kwa 1.

Mstatili wa dhahabu, uliomtia binti yetu simanzi, ni ndugu wa huo. Chora mraba tena, lakini safari hii ncha ya kamba iweke katikati ya ubavu wa chini, ivute hadi pembe ya juu, kisha ishushe vile vile. Utapata mstatili wenye uwiano wa kiasi cha 1.618 kwa 1. Ajabu yake ni hii: ukiukata mraba kutoka katika mstatili huo, kipande kinachobaki ni mstatili wa umbo lile lile, mdogo zaidi. Ukate mraba tena katika kipande hicho, kitabaki kingine cha umbo lile lile, na hivyo hivyo bila ya kikomo.

Hii ni hesabu ya kweli, tena ni ya kale. Mgiriki Euclid aliieleza yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Wanavyuoni wa Kiislamu waliipokea na kuiendeleza. Abu Kamil wa Misri, aliyeishi baina ya karne ya tisa na ya kumi, aliandika risala juu ya pembetano na pembekumi, na katika maumbo hayo uwiano huu hauepukiki, kwani ulalo wa pembetano iliyo sawa pande zote ukigawanywa kwa ubavu wake hutoa nambari hiyo hiyo. Kwa hiyo tulimwambia binti, "Mwanangu, umesema kweli. Hesabu haidanganyi." Akainua macho kwa mara ya kwanza. Tukaendelea, "Lakini tuangalie: hesabu yenyewe imesema nini, na watu wamesema nini kwa niaba yake?"

Hesabu imesema kuwa mstatili fulani ukikatwa mraba hubaki na umbo lake. Basi. Haikusema kuwa mstatili huo ni mzuri kuliko mingine, seuze kuwa uso wa mtu sharti uufuate. Hayo yaliongezwa na watu. Mwaka 1509 kule Venice kilichapishwa kitabu cha mtawa Luca Pacioli, kilichopambwa kwa michoro ya Leonardo da Vinci, na ndani yake uwiano huu uliitwa wa kimungu. Hapo sifa zilianza kuuzidi ukweli. Mwaka 1876 Mjerumani Gustav Fechner alieleza jaribio lake: aliwawekea watu mistatili 10 ya eneo moja lakini ya maumbo mbalimbali, akawataka wachague uwapendezao zaidi. Zaidi kidogo ya thuluthi yao waliuchagua ule wa dhahabu. Ni wengi, lakini zingatia kuwa karibu thuluthi mbili hawakuuchagua. Na waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata jibu moja.

Tena watu wakapenda kuuona kila mahali. Husemwa kuwa hekalu la Parthenon lililoko Athens limejengwa kwa nambari hiyo. Ila sakafu yake ina urefu wa mita 69.5 na upana wa kiasi cha mita 30.9, na ukigawanya utapata 9 kwa 4, si 1.618. Husemwa pia kuwa kadi ya benki ni mstatili wa dhahabu. Ipime: milimita 85.6 kwa 54, jawabu lake ni kama 1.585. Imekaribia, lakini kukaribia si kufika, na katika hesabu tofauti hiyo haifichiki. Mwenye kutaka kuiona nambari aipendayo ataiona, maadamu yeye ndiye achaguaye pa kuanzia na pa kuishia tepu yake.

Na uso je? Kidevu kinaanzia wapi? Paji la uso linaishia wapi, kwenye nywele au chini ya mtandio? Halafu simu yenyewe, ikishikwa karibu, huikuza pua na kuyapeleka masikio nyuma, na ikishikwa mbali huurudisha uso katika hali nyingine. Tulimwomba binti amwambie mamake ampige picha mbili, moja kwa urefu wa dhiraa moja na nyingine kutoka upande wa pili wa chumba, kisha azipime zote. Alama zilitoka mbalimbali. Uso ulikuwa mmoja. Hapo alinyamaza kitambo, akasema, "Kwa hivyo ilipima picha, haikunipima mimi." Hatukuwa na la kuongeza.

Lakini haitoshi kuvunja. Anayemwondolea mtu kipimo kibovu na amwonyeshe kilicho kizima. Turudi basi Baghdad ya zamani za Bani Abbas.

Palikuwa na waziri aitwaye Ibn Muqla, aliyewatumikia makhalifa watatu, na mwisho wake ukawa wa huzuni: alikatwa mkono wake wa kulia, akafia kifungoni mwaka 940. Huyu ndiye anayetajwa kuwa aliyatilia maandishi ya Kiarabu kanuni ya uwiano. Alianza na nukta. Ukiibonyeza kalamu ya mwanzi mara moja juu ya karatasi, hutoka nukta yenye umbo kama la kashata. Kwa nukta hiyo ndipo hupimwa urefu wa alifu, zikipangwa nukta kadhaa moja juu ya nyingine. Kisha alifu hufanywa kipenyo cha duara, na herufi nyingine hupimwa kwa alifu hiyo na duara hilo.

Tazama hekima iliyomo. Kalamu pana hutoa nukta kubwa, na nukta kubwa hutoa alifu ndefu. Kalamu nyembamba hutoa nukta ndogo na alifu fupi. Maandishi yote mawili ni mazuri, na hakuna hata moja lililopimwa kwa rula ya kutoka nje. Kipimo cha herufi kimetoka katika kalamu iliyoiandika. Hakuna aliyewahi kuichukua alifu ya kalamu moja akaenda kuitia aibu alifu ya kalamu nyingine.

Mwaka huo huo wa 940 alizaliwa Abul-Wafa al-Buzjani, bingwa wa hesabu aliyeandika kitabu mahususi juu ya jometri wanayoihitaji mafundi. Alikaa katika vikao vilivyowakutanisha mafundi na wanavyuoni wa hesabu, na akaona kila upande una upungufu wake. Fundi alikuwa na jicho na mkono, lakini mara nyingine aliridhika na kitu kwa kuwa kimeonekana sawa. Mwanachuoni alikuwa na dalili, lakini hakujua ugumu wa kukata mbao. Mfano mmoja alioutoa ni wa kuvikata vipande vya miraba mitatu iliyo sawa na kuviunga viwe mraba mmoja mkubwa. Njia za baadhi ya mafundi zilipendeza machoni, naye akazithibitisha kuwa na kosa, kisha akawaonyesha njia iliyo sahihi na nyepesi kwa mkono. Hakuwadharau. Alikaa nao chini.

Na sisi wa pwani hatukuwa mbali na elimu hii, ijapokuwa mafundi wetu wengi waliirithi kwa mkono zaidi kuliko kwa kitabu. Aliyeingia katika nyumba za kale za mawe za Lamu, mji ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, ameviona vyumba vyake: virefu, vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, na ukutani zidaka zimepangwa kwa safu kama kurasa. Mgeni huuliza ni nambari gani ya siri iliyovipa vyumba hivyo utulivu wake. Jawabu liko darini. Paa la mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kiasi chake cha kubeba. Chumba hakikuweza kuzidi upana wa mita tatu hivi. Aliyetaka nafasi zaidi alirefusha, hakupanua. Kwa hiyo umbo la chumba lilitoka katika mti wa mkoko, na fundi akaipokea hadi hiyo, akaipambia kwa zidaka na nakshi mpaka ikawa ni uzuri.

Na walipimia nini? Walipimia mwili wa mwanadamu. Shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Kila kipimo ni mara mbili ya kilichotangulia, na vyote vimo katika mikono ya mtu. Shangazi zetu walinunua nguo kwa wari, na nahodha alipimia kina cha maji kwa pima. Katika elimu hiyo mwili haukupimwa ili kuhukumiwa. Mwili ndio uliokuwa mizani, na vitu ndivyo vilivyopimwa.

Hapo ndipo tulipotaka kufika na binti yetu. Katika Suratul-Infitar tumekumbushwa kuwa Mola ndiye aliyemuumba mwanadamu, akamsawazisha na kumlinganisha. Na katika Suratul-Qamar, kuwa kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Waumini huzisoma aya hizi, kisha wakaenda kutafuta hukumu ya nyuso zao kwa programu iliyotengenezwa na mtu asiyewajua. Kipimo cha kila kiumbe kimetoka kwa Aliyemuumba, kama kipimo cha alifu kilivyotoka katika kalamu yake.

Kabla hawajaondoka tulifanya mchezo mdogo. Tulikata vipande vitano vya boksi: mraba, mstatili wa 4 kwa 3, wa 3 kwa 2, wa karatasi ya A4, na wa dhahabu. Hatukusema ni upi upi. Tukawaita watu wa nyumbani, kila mmoja achague umpendezao. Mama wa nyumba alichukua mraba, akasema unamkumbusha kitambaa cha kufunikia sinia. Mjukuu wetu akachukua wa 4 kwa 3 kwa kuwa anaweza kuushika vizuri. Mama yake binti akachukua wa 3 kwa 2, naye hakujua kuwa ameichagua leso. Binti alivitazama vyote kwa muda mrefu, akaugusa ule wa dhahabu, akauacha, akachukua wa A4. Tukamwuliza sababu. Akasema, "Huu ukiukunja haubadiliki."

Enyi wazazi, na hasa akina mama, tuna wasia mchache. Kwanza, mtoto akikuletea hoja ya hesabu, usimjibu kwa makaripio. Mpe kamba, rula na karatasi, mkae chini mpime pamoja. Jometri ni sehemu ya urithi wetu, na si ya wavulana peke yao. Binti anayejua kukata gauni kutoka katika kitambaa cha mstatili bila ya kupoteza shibiri moja anaijua jometri, na anastahiki kuambiwa hivyo.

Pili, mkipamba nyumba, msibabaishwe na anayewauzia fremu au pazia kwa jina la nambari ya dhahabu. Uliza kitu hiki ni cha nini, kitakaa wapi, kitashikwa na nani. Cheti cha mtoto ni cha A4, basi tafuta fremu inayokiachia ukingo ulio sawa pande zote, na ukipenda wa chini uzidi kidogo ili kisionekane kama kinateleza. Leso imefuata adabu hiyo: pindo linazunguka, mji uko katikati, na jina limewekwa pale linaposomeka.

Tatu, zikagueni simu za watoto wenu kwa mapenzi, bila ya upelelezi. Mwulize binti yako ni nini kilichomfanya ajitazame mara nyingi leo. Huenda akakwambia.

Mama yule alitupigia simu wiki chache baadaye. Programu ile hajui kama imefutwa, na mwanawe bado kuna siku huuvuta mtandio hadi machoni. Lakini katika daftari lake la hesabu amechora pembetano kwa kamba na kalamu, na pande zake bado hazijawa sawa. Alitaka kujua ni siku gani tutakuwa na nafasi ya kumfundisha namna ya kuisawazisha. Tukamwambia aje Alhamisi, baada ya Alasiri, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiiq.